Kuipima Hofu Uliyoitengeneza: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Filamu

Mwanafunzi wa filamu aliyekesha siku tatu vichochoroni akipiga picha za kutisha, mbu wakimla na betri zikimwishia, kisha akakaa juma zima mbele ya kompyuta akikata na kuunga, aghalabu hudhani kwamba siku ya kukabidhi kazi yake ndiyo siku ya kupumzika. Kumbe mwalimu bado anamdai, na deni lenyewe ni kurasa nne au tano za tafakuri, ambamo atajieleza alikusudia nini, alifanya nini, na kilichotokea kililingana vipi na alichokikusudia. Hapo ndipo mikono iliyobeba kamera bila ya kutetemeka huanza kutetemeka kwa kushika kalamu. Nimesoma tafakuri nyingi za namna hiyo, na kabla ya kuzisoma za wengine niliiandika yangu mwenyewe, mbaya, ambayo nitaieleza mbele kidogo, kwa kuwa taksiri zake zitakufaa kuliko sifa za kazi yangu nyingine yoyote.

Filamu ya kutisha ina fadhila moja ambayo filamu za aina nyingine hazina. Mtu akitengeneza filamu ya huzuni, watazamaji wanaweza kunyamaza kwa huzuni au kunyamaza kwa kuchoka, na wewe uliyesimama nyuma ya ukumbi hutajua ni kimya gani hicho. Lakini hofu ina shahidi asiyejua kuficha, naye ni mwili. Mabega hupanda, mkono huenda mdomoni, miguu huinuliwa juu ya kiti kana kwamba kuna kitu chini yake, na mtu aliyekuwa akila karanga husahau kutafuna. Kwa hiyo mwanafunzi wa filamu ya kutisha hana ruhusa ya kuandika kwamba anaamini watu waliguswa. Anaweza kujua. Aweke nia yake upande mmoja wa mizani, na upande wa pili aweke athari iliyoonekana katika miili ya watu, kisha aseme kwa insafu mizani imelalia wapi.

Anza na daftari, na ulianze kabla ya kamera kutoka mkobani. Wengi huikumbuka tafakuri baada ya kazi kwisha, wakawa hawana budi kubuni nia ambazo hawakuwa nazo. Na nia iliyoandikwa baada ya kazi kwisha hugeuka udhuru. Chora safu nne katika ukurasa: ya kwanza ni ya sekunde, ya pili ya kitakachoonekana, ya tatu ya kitakachosikika, na ya nne, ambayo ndiyo yenye thamani kuliko zote, ni ya kile anachokijua mtazamaji kwa wakati ule. Mafundi wetu wa Dar es Salaam husema sini na shoti, nami nitasema vivyo hivyo, kwani neno lililozoea kazi ni aula kuliko neno lililobuniwa kamusini; basi kwa kila shoti jiulize kama mtazamaji anajua zaidi ya mhusika, anajua sawasawa naye, au anajua pungufu yake. Jawabu la swali hilo ndilo linalotenga taharuki na kishindo.

Tofauti ya mambo hayo mawili aliieleza Alfred Hitchcock katika mazungumzo yake marefu na François Truffaut, yaliyofanyika mwaka 1962 na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 1966, kwa mfano ambao walimu wa filamu hawachoki kuurudia. Watu wamekaa mezani wakizungumza mambo ya kawaida, na chini ya meza pana bomu. Mtazamaji asipojua, bomu litalipuka naye atashtuka kwa sekunde 15. Lakini akiwa ameoneshwa bomu likitegwa, na saa iko ukutani mbele yake, basi mazungumzo yale yale ya kipuuzi yatamtesa kwa dakika 15, atamani kuingia ndani ya picha awaonye. Si kwamba kumshtua mtu ni aibu, maana hata mabingwa wamefanya. Katika Cat People ya mwaka 1942, iliyotayarishwa na Val Lewton na kuongozwa na Jacques Tourneur, mwanamke anatembea usiku akihisi anafuatwa, nyayo zinasikika kisha hazisikiki tena, na ghafla inavamia sauti iliyo kama ya mnyama mkali, kumbe ni basi linalofunga breki mbele yake. Basi lile limezaa watoto wengi duniani: mlango wa kabati unaofunguka, paka anayeruka kutoka gizani, mkono wa rafiki unaotua begani. Ikiwa nawe umemtumia mtoto wake mmojawapo, andika hivyo bila ya haya. Ila usikiite kishindo taharuki, kwa kuwa mwalimu atakayesoma anazijua zote mbili.

Sasa nikueleze kipande chetu. Tulikuwa wanafunzi wanne, na kazi tuliyopewa ilikuwa ni kutengeneza mwanzo wa filamu ya kutisha usiozidi dakika nne. Tuliazimwa nyumba ya zamani katika Mji Mkongwe wa Unguja na bibi wa mmoja wetu, nyumba yenye ukumbi wa chini usiopata jua, ngazi ya mbao yenye vidato vyembamba, na dari ambayo haikuwa ikikaliwa na mtu. Tulipokwenda kumwomba idhini alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nyumba nakupeni, wanangu, lakini asitajwe jini kwa jina lake humu ndani, wala msinivunjie kinu changu." Kisa chetu chote tulikitoa katika neno hilo la mwisho. Msichana amebaki peke yake nyumbani, bibi yake amekwenda mazikoni, jua linakuchwa, anapita uani anaona kinu kimepinduliwa chini na mchi umelazwa juu yake, anaingia ndani kuwasha taa, na mara anasikia kinu kinatwangwa darini.

Angalia jinsi safu ya nne ilivyokuwa ikifanya kazi bila ya sisi kujua. Mtazamaji ameoneshwa kinu uani, kwa hiyo anajua kwamba kile kinachotwangwa juu si kinu cha nyumba hii. Lau tungelianza na sauti bila ya kuonesha kinu kimepinduliwa, sauti ile ingelikuwa ni ya jirani tu anayetwanga kisamvu. Jambo hili dogo sikuliandika katika tafakuri yangu, na ndilo lililokuwa la maana. Niliandika badala yake aya mbili nzima juu ya programu ya kuhariri niliyoitumia.

Sauti yenyewe ya kinu ilitufundisha zaidi ya darasa. Mara ya kwanza tuliinasa uani, maikrofoni ikiwa karibu, na tulipowasikilizisha wenzetu, mmoja akasema amekumbuka njaa. Alikuwa na haki: kinu masikioni mwa mtu wa pwani ni chakula. Tukakipandisha darini, tukakiwekea blanketi chini, tukanasa tukiwa ukumbini, sauti ikishuka kupitia mbao. Hapo ilianza kuwa nzito, lakini bado ilikuwa ni ya mwanamke mwenye kazi zake. Aliyetufumbua macho ni yule mwenzetu aliyekuwa akipiga ngoma katika harusi, ambaye alisema kwamba mtwangaji wa kweli ana mizani, pigo kwa pigo, na sikio la msikilizaji huwa limekwisha kulipokea pigo linalofuata kabla halijapigwa. Basi tukatwanga mara tatu kwa mizani, la nne tukalichelewesha. Wakati wa kuonesha, niliona watu wakizuia pumzi katika pengo lile, na pengo halikuwa na kitu ndani yake.

Kwa sababu hiyo nakushauri uijaribu kazi yako mara mbili kabla ya kuandika neno juu yake: mara moja uitazame bila ya sauti, na mara ya pili uisikilize umefumba macho. John Carpenter amesimulia kwamba aliwahi kumwonesha Halloween, ya mwaka 1978, ofisa mmoja wa kampuni ya filamu kabla haijatiwa muziki, na ofisa yule hakuogopa hata kidogo. Carpenter akaenda akaitia muziki alioutunga mwenyewe, na hofu ikaja. Naye Hitchcock, alipokuwa akitengeneza Psycho ya mwaka 1960, alitaka sini ya bafuni isiwe na muziki asilani, mpaka Bernard Herrmann alipoitungia vinanda vya nyuzi vinavyopiga mayowe, akamsikilizisha, na bwana mkubwa akarudi nyuma katika rai yake. Sini ile ilipigwa kwa muda wa siku zipatazo saba, na mapigo ya kisu yenyewe hayafiki dakika moja. Sauti ya kisu kuingia mwilini ilipatikana kwa kuchoma matikiti, na damu ilikuwa ni sharubati ya chokoleti, maana picha haikuwa ya rangi. Nayataja haya ili usione haya kuandika kwamba mzimu wako ulikuwa ni blanketi na mchi. Barakoa ya muuaji wa Halloween ilikuwa ni sura ya mpira ya nahodha wa chombo cha angani katika mchezo wa televisheni, iliyonunuliwa kwa bei ya chini ya dola 2 na kupakwa rangi nyeupe.

Na popote upigapo picha, usiondoke kabla ya kunasa kimya cha mahali hapo kwa dakika moja nzima, watu wote wakiwa wamesimama bila ya kujikohoza. Kimya cha ukumbi wa mawe si kimya cha chumba cha mabati. Ukikosa kuwa nacho, kila mkato wako utasikika kama mlango unaofungwa.

Nifike penye kosa langu. Jioni ya pili tulikuwa tunapiga shoti ya msichana amesimama chini ya ngazi akitazama juu, taa ya ukumbini inawaka, na juu ya kichwa chake pangaboi linazunguka. Mara umeme ukakatika. Taa ilizimika papo hapo, ukabaki mwanga hafifu wa dirishani uliokuwa ukigeuka buluu, lakini pangaboi halizimiki kama taa: lilikuwa likipunguza mwendo pole pole, mlio wake ukishuka kutoka mvumo hadi mguno, kutoka mguno hadi mkwaruzo mmoja mmoja, na yule msichana, ambaye alikuwa amesahau kwamba anaigiza, akaliinulia macho akalitazama mpaka lilipotulia. Kamera ilikuwa ya betri. Mpigapicha wetu hakuizima. Sekunde nane. Tulipoonesha kipande chote mbele ya darasa, hapo ndipo mtu wa mstari wa mbele alipopandisha miguu kitini.

Basi mimi, kwa ghururi ya ujana, nikaandika katika tafakuri kwamba niliamua kulipunguza mwendo pangaboi ili kuashiria kusimama kwa wakati na kuondoka kwa uhai ndani ya nyumba. Mwalimu hakuandika maneno mengi. Pembeni mwa aya ile, kwa wino mwekundu, aliuliza: "Ulizimaje umeme?"

Sikuwa na jawabu, na sikuona wakati ule kwamba jawabu la kweli lilikuwa zuri kuliko uwongo wangu. Steven Spielberg alipotengeneza Jaws, iliyotoka mwaka 1975, alikuwa na papa wa mitambo ambaye kila akiingizwa katika maji ya chumvi huko Martha's Vineyard aliharibika. Ikambidi papa aoneshwe kwa nadra, na mahali pake pakashikwa na mapipa ya manjano yanayoburutwa juu ya maji pamoja na noti mbili za muziki wa John Williams. Spielberg hakudai baadaye kwamba alilipanga hilo tangu mwanzo. Amekiri hadharani kwamba ubovu wa papa ndio uliomfaa. Nawe ukipata bahati ya namna hiyo, iandike kwa utaratibu huu: kwanza ni kitu gani kilitokea bila ya hiari yako, pili ni uamuzi gani ulioufanya kilipotokea, tatu ni kwa nini kilifaa mahali pale na pengine kisingefaa. Katika kisa chetu bahati ilikuwa ya kukatika umeme, lakini kutozima kamera kulikuwa ni uamuzi wa mwenzetu, na kuiacha shoti ile iende sekunde nane bila ya kuikata kulikuwa ni uamuzi wangu wa uhariri, wakati mhariri mwoga angeikata kwenye sekunde ya tatu. Hayo mawili yalistahili sifa, na hakuna hata moja nililolitaja.

Kinyume cha bahati ni aibu, nayo tuliipata kamili. Katika shoti ya mwisho, kivuli kilichofunikwa shuka nyeupe kinasimama juu ya ngazi. Tulikuwa tumeitazama shoti ile mara hamsini au zaidi, tukabishana juu ya rangi yake na urefu wake, hata tukaridhika. Kisha tukampelekea bibi kipande chake akione kwenye kompyuta, kama shukrani. Alitulia mpaka mwisho, akasogeza miwani, akasema, "Kwani huyo mzuka kavaa kandambili zangu?" Tukatazama. Chini ya shuka, zikionekana wazi kama mchana, zilikuwako kandambili za buluu za bibi, moja imekatika ukanda na kufungwa kwa waya. Darasani, ilipofika shoti ile, watu walicheka.

Kwa nini macho manane hayakuziona? Kwa sababu tulikuwa tunakijua kilichokuwa ndani ya shuka, na anayejua haangalii tena. Kwa hiyo usiitegemee hukumu ya kundi lako, wala ya ndugu zako waliokusikia ukisimulia kisa kabla hujakipiga. Tafuta watu watano au sita wasiojua lolote, uwakalishe mbele ya skrini, na wewe usiitazame skrini hata kidogo. Kaa kando yake, uwaelekee wao, na saa mkononi na daftari magotini. Andika: sekunde ya 40, wawili wameinamisha vichwa, sekunde ya 95, mmoja amechungulia simu, sekunde ya 130, kicheko. Ukiweza kuwapiga picha kwa simu, omba idhini yao kwanza, kisha baadaye zioneshe picha mbili kwa pamoja, ya filamu na ya nyuso zao, utaona mambo ambayo kalamu haikuyadiriki.

Nina nasaha nyingine hapa, na hii inatuhusu sisi hasa kwa adabu zetu. Usiwaulize watazamaji wako kama wameogopa, maana watu wa pwani hawamvunji moyo kijana aliyewakaribisha. Watakwambia ni nzuri, mashallah, Mungu azidishe, na utarudi nyumbani na sifa zisizo na uzito. Waulize maswali yasiyo na heshima ndani yake wala dharau. Simamisha kipande katikati uwaulize: darini kuna nini? Mmoja alituambia kuna mwizi. Mwingine alisema ni bibi mwenyewe, amekufa huko mazikoni alikokwenda, roho yake imerudi kabla ya habari. Sisi hatukuwa tumelifikiria hilo, na ni zuri kuliko kisa chetu. Nililiandika, na yafaa nawe uandike kila tafsiri iliyo tofauti na yako, kwa kuwa hapo ndipo panapoonekana umbali baina ya ulichokisema na kilichosikika.

Juu ya mwanga sitakawia. Huku kwetu, karibu na ikweta, baina ya jua kuchwa na giza kuingia hakuna nusu saa, na ule mwanga wa buluu ambao wapigapicha wa Ulaya huuchezea wakati wa kiangazi kwa muda mrefu, sisi huupata kwa dakika ishirini na kitu tu. Kwa hiyo sini ya magharibi ipangie jioni mbili au tatu, na mazoezi yote yawe yamekwisha kabla ya alasiri kupita. Ukipiga ndani ya nyumba chini ya taa za umeme, kumbuka kwamba umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, basi kasi ya picha 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 itakuepusha na ile mipigo ya mwanga inayopita kwenye ukuta kama mawimbi. Simu nyingi huja zikiwa zimepangiwa picha 30 kwa sekunde. Tuliyajua haya baada ya kuharibu jioni nzima, na katika tafakuri hilo lina nafasi ya sentensi moja, si ya ukurasa.

Penye kustahili ukurasa ni swali la hofu ya nani. Wanafunzi wengi niliosoma kazi zao huanza na barakoa za mpira, misitu ya miti ya baridi na nyumba zenye moto wa kuni sebuleni, kwa kuwa hizo ndizo filamu walizokulia nazo. Na mwalimu akiwauliza kwa nini mtazamaji wa Tanga aogope msitu wa theluji, hawana la kusema. Ilhali kisa cha Sultani Majnuni, kilichomo katika mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili aliouchapisha Edward Steere mwaka 1870, kimebeba utisho mtupu: paka wa nyumbani anakula ndama, watu wanashtaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, paka anapanda kwa wanyama wakubwa, kisha kwa watoto wa watu, na mwenye nyumba hataki kuona, hata wanapouawa wanawe ndipo anakiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Msingi wa nusu ya filamu za kutisha za dunia umo humo: hatari inalelewa ndani, na mwenye mamlaka anakataa kuitambua. Mwaka 1995 watu wa Pemba, kisha wa Unguja, walilala nje ya nyumba zao kwa makundi wakimhofia jini aitwaye Popobawa, na hofu ile ilienda kwa mdomo tu, mtaa hadi mtaa, bila ya mtu kuhitaji picha. Mussa Banzi naye, alipotengeneza filamu za Nsyuka na Shumileta mwanzoni mwa karne hii, alichota mizimu na majini ya hapa hapa Tanzania. Hata Marekani, wale vijana waliotengeneza The Blair Witch Project, iliyotoka mwaka 1999, waliipiga kwa muda wa siku nane katika misitu ya Maryland, na mchawi wao haonekani hata mara moja.

Lakini ukichukua hofu ya watu wa mahali, jua kwamba umekopa kitu chenye wenyewe. Bibi alitukataza kutaja jina, tukatii, na filamu haikupungukiwa na kitu, nadhani ilizidi. Mpe habari sheha au mjumbe wa mtaa kabla ya usiku wa mayowe, na kisu cha maigizo usikipeperushe barabarani. Sisi jirani alikuja mbio na mwiko mkononi.

Imebaki kuandika. Sentensi inayosema "tulifanikiwa kuleta hofu kwa hadhira" ifute, iwe ndiyo ya kwanza kufutwa, kwa sababu haina sekunde, haina mtu, wala haina ushahidi. Badala yake sema: katika sekunde ya 112, baina ya pigo la tatu na la nne la kinu, watazamaji wanne kati ya sita walitulia kabisa, pengo lilikuwa la sekunde mbili na nusu, tulipolijaribu kwa sekunde moja hakuna aliyetulia. Msomaji atakuamini, na zaidi ya kukuamini atajifunza. Tenga pia "mimi" na "sisi" kwa uangalifu, maana filamu ni kazi ya wengi na tafakuri ni ya mmoja: mahali mwenzako alipookoa kazi, mtaje kwa cheo chake, mpigapicha, mnasa sauti, mwigizaji, na mahali ulipoharibu wewe, usijifiche nyuma ya "sisi". Zile kandambili, mwongozaji aliyepaswa kuzitazama kabla ya kusema "anza" nilikuwa ni mimi.

Tafakuri yangu niliiandika upya kwa usiku mmoja, na ilitoka fupi kuliko ya kwanza. Sentensi yake ya mwanzo ilikuwa hii: Umeme ulikatika saa kumi na mbili na nusu za jioni, na mpigapicha wetu hakuzima kamera.